Mlio Wenye Jina: Je, Risasi Inaweza Kuwa Mchezo?



Katika vijitabu vya namna hii tumezoea kusoma juu ya ndoa, juu ya mahari, juu ya shamba na heshima kwa wazee. Mara hii tumechagua swali ambalo, kwa macho ya kwanza, halituhusu sisi watu wa Vuhovi: je, ni vema ao ni vibaya mtu kujitengenezea masasi kwa mkono wake, tena masasi ya bunduki kubwa, kusudi aende kulenga shabaha kwa mchezo tu, bila nia ya kuua mnyama wala mtu?

Kuna atakayesema mara moja: «Hayo ni mambo ya wazungu wenye pesa na wakati wa kupoteza. Sisi huku tunatafuta sombe na fufu.» Hatumkatalii. Lakini inchi yetu imekuwa shule ya masasi bila sisi kujiandikisha. Huku Beni na Butembo, mtoto wa shule ya msingi anajua kutofautisha mlio wa kalashi na mlio wa «douze-sept» kabla hajajua kutofautisha jina na kitenzi. Mtoto anayejua hivyo ataanza kuuliza, na mzazi ao mwalimu atakayejibu paka «nyamaza» hajamfundisha kitu. Basi tuulize vizuri, tena tuanze na wale ambao kwao jambo hili ni mchezo wa kweli.

1. Kazi yenyewe ni nini

Katushi ya bunduki ina sehemu ine: ganda la shaba, fataki iliyo chini yake, baruti iliyo ndani, na kichwa cha risasi kinachoruka. Mtu akipiga, kichwa kinakwenda, baruti inaungua, fataki inakufa, ganda linabaki. Kwetu ganda hilo linaokotwa na watoto, wanalipigia filimbi. Lakini huko Marekani, na katika inchi nyingi za Ulaya, kuna watu wanaoliokota wenyewe, wanalisafisha, wanaliangalia kama halina ufa, kisha wanalijaza upya nyumbani, kwa mashine ndogo ya mkono na mizani ya kupima baruti. Marekani sheria ya inchi yote haidai ruhusa kwa mtu anayejaza katushi kwa matumizi yake mwenyewe.

Wengi wanajaza katushi ndogo. Lakini wako wanaojaza ile kubwa, ya milimita 12.7, ambayo watu wetu wanaitaja kwa Kifaransa kama tulivyosema. Katushi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mitrayezi ya Mmarekani John Browning, na jeshi la kwao lilianza kuitumia katika miaka ya 1920. Risasi yake inatoka kwa mwendo wa karibu metre 900 kwa sekunde moja, na inaweza kufika zaidi ya kilometre 6. Tangu mwaka 1985 kuna chama cha raia Wamarekani wanaoshindana kuilenga kwenye karatasi iliyosimamishwa mbali sana, karibu nusu mwendo wa kilometre mbili. Tusione ajabu. Kulenga shabaha ni mchezo wa zamani; ulikuwa kati ya michezo ya Olimpiki ya kwanza, Athene, mwaka 1896.

Lakini hata kwao si wote wamekubali. Jimbo la California lilikataza bunduki za kalibre hiyo kuuzwa kwa raia kuanzia tarehe 1 Januari 2005. Kumbe swali letu ni lao vilevile. Tofauti ni kwamba wao wanaliuliza wakiwa wamelala usingizi usiku kucha.

2. Wema ulio ndani ya kazi hii

Mtu mwenye haki anaanza kwa kutaja wema wa jambo kabla ya kulilaumu. Na wema upo.

Anayejaza katushi kwa mkono wake anafanya kazi ya uvumilivu. Akikosea kipimo, bunduki inaweza kupasuka karibu na uso wake. Basi anapima mara ya kwanza, anapima mara ya pili, anaandika kwa kayee yake. Hawezi kulewa na kufanya kazi hiyo. Hawezi kuifanya kwa hasira. Tena risasi moja inamchukua muda, na kwa sababu hiyo haipotezi. Mtu aliyelima ndiye anajua bei ya muhogo. Aliyeletewa sahani hajui. Vile vile aliyejaza risasi kwa mkono wake hawezi kusema hakujua ilitoka wapi, wala ilikuwa na nguvu gani, wala ilikwenda wapi.

Wema huo haukuwa mgeni kwa babu zetu. Mwindaji wa milima yetu alikuwa na mkuki, upinde, wavu na mbwa. Baadaye akapata bunduki ya kienyeji, ile inayoitwa pupu, ambayo Watanzania wanaiita gobore. Wahunzi wanaifua kwa bomba la chuma. Haina katushi ya kiwandani: kila mara mwindaji anamimina baruti kwa mdomo wa bomba, anashindilia, anaweka vipande vya chuma, na kisha hapo ndipo anatafuta mnyama. Akikosa, mnyama amekwenda zake, na kazi inaanza upya. Kwa hiyo mwindaji wa pupu ni mjazaji wa masasi tangu zamani, hata kama hakuna aliyempa jina hilo. Alijifunza kutopiga. Angalieni vizuri neno hilo: chombo chake cha polepole kilimfundisha kutopiga kuliko kupiga.

Hatusemi kwamba pupu haikufanya ubaya. Ilifanya, na sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai ruhusa kwa kila mwindaji. Lakini linganisheni. Katika miaka ya 1970, viboko wa ziwa Edward na mito yake, ndani ya Parc des Virunga, walihesabiwa zaidi ya 20,000. Kufika mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Yule mzee wa pupu, anayeshindilia baruti yake kwa fimbo, hakuweza kumaliza mifugo hiyo ya Mungu. Waliomaliza walikuwa watu wenye bunduki za vita, wenye masasi ya sanduku ambayo hawakuyanunua wala kuyatengeneza, na ambayo hakuna aliyewauliza yamekwisha namna gani.

Mpaka hapo tungeweza kusema: basi, anayejaza risasi kwa mkono ni mtu mwenye adabu kuliko anayepokea sanduku. Na wengi wangefunga maneno hapo. Sisi hatuwezi, sababu historia ya inchi hii inatukatalia.

3. Hesabu inaweza kudanganya

Tumesifu kuhesabu. Lakini katika Kongo hii hii kulikuwa na wakati ambapo kila risasi ilihesabiwa kwa ukali kuliko popote duniani, na hesabu hiyo ilizaa kilio.

Mwaka 1890, tarehe 2 Julai, serikali za Ulaya na nyingine zilitia sahihi mkataba wa Bruxelles. Mkataba ulikataza kuingiza bunduki za kisasa na katushi zake katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwafrika akaachiwa, kwa masharti, zile za zamani za jiwe la kuwashia na baruti ya kawaida. Neno lilipambwa kwa nia ya kupiga vita biashara ya watumwa. Na baruti ilikuwa neno zito hata katika misitu iliyo jirani nasi: mfanyabiashara Charles Stokes, mtu wa Irlandi, alikamatwa upande wa Ituri akashitakiwa kwamba anawauzia Waarabu silaha, akanyongwa Januari 1895 kwa amri ya ofisa Lothaire.

Lakini wakati huohuo askari wa Force Publique walipewa bunduki ya Albini, yenye kalibre ya milimita 11, bunduki kubwa kweli. Na katika sehemu za kaoutchouc, upande wa Equateur hasa, askari waliambiwa watoe hesabu ya kila katushi: katushi moja, mkono mmoja wa kuume wa mtu aliyeuawa, kusudi ijulikane kwamba hawakuipoteza kwa kuwinda. Ikatokea nini? Askari aliyepiga mnyama kwa ajili ya tumbo lake alitafuta mkono wa kusawazisha hesabu, hata kwa mtu aliye hai. Mambo hayo yameandikwa katika ripoti ya konsuli Roger Casement, iliyotangazwa mwaka 1904, na dunia nzima ikasoma.

Angalieni basi. Hesabu ilikuwepo. Uangalifu ulikuwepo. Hakuna katushi iliyopotea. Kilichokosekana ni nini? Alikosekana mtu wa haki wa kupokea hesabu hiyo. Askari alihesabu mbele ya mkubwa wake, si mbele ya kijiji kilichosikia mlio. Masasi yalihesabiwa, watu hawakuhesabiwa.

Kwa hiyo uvumilivu wa mkono na mizani havitoshi. Fundi mzuri anaweza kutumikia ubaya kwa uangalifu mkubwa. Lazima tuulize swali la pili: hesabu hiyo inatolewa kwa nani?

4. Mlio una jina ao hauna

Hapa ndipo mila yetu inatusaidia, na ndiyo sababu tumeandika maneno haya katika kijitabu hiki, si pengine.

Mtafiti Randall Packard, katika kitabu alichotoa mwaka 1981 juu ya Bashu, alionyesha kwamba wazee wetu waligawa dunia pande mbili: upande wa makao, yaani nyumba, migomba na shamba, na upande wa pori. Pori si shetani. Kutoka pori tunapata nyama, dawa, kuni. Lakini nguvu za pori haziingii kwa makao ovyo. Lazima kuwe na watu wa kuzipokea na kuziweka mahali pake. Mwami na waganga walikuwa na kazi hiyo. Nguvu ileile, ikiingia bila kupokewa, inakuwa balaa.

Bunduki ni kitu cha pori katika maana hiyo, hata kama imetoka kwa kiwanda. Na kupokewa kwake kulikuwa kwa namna gani? Tufikirie kijiji cha wakati wa amani. Mlio mmoja unasikika upande wa bonde. Watu wanainua kichwa, wanasema: «Huyo ni fulani, amepata.» Ao: «Huyo ni fulani, leo amekosa tena.» Wanacheka. Jioni nyama inaonekana kwa chungu ao haionekani, na kwenye kyaghanda, pale wazee wanapoota moto na vijana wanafundishwa, mwenye bunduki anaeleza habari yake. Mlio ule ulikuwa na jina. Kila aliyeusikia alijua wa nani, wa nini, na kwamba haumtafuti yeye.

Sasa tuseme wazi tunachofikiri. Risasi ina shabaha mbili. Ya kwanza ni pale kichwa chake kinapofika. Ya pili ni masikio yote ambayo mlio unafika. Mlenga shabaha mwema anajibu juu ya ile ya kwanza: «Nimepiga karatasi, sikumgusa mtu.» Ni kweli. Lakini ile ya pili ameilenga vilevile, hata kama hakutaka. Na katika masikio hayo, risasi ya mchezo ni mchezo paka pale ambapo mlio wake una jina.

Uswisi ni inchi ya bunduki nyingi. Huko Zurich kila mwaka, mwezi wa Septemba, kuna sikukuu ambapo vijana wa miaka 13 mpaka 17 wanashindana kulenga. Tangu mwaka 1991 hata wasichana. Milio inasikika, na mama aliye jikoni hasimami. Anajua siku, anajua saa, anajua kilima kinachopokea masasi. Mlio una jina. Na angalieni bado: inchi hiyohiyo, ambayo wanajeshi wake raia walikuwa wakiweka nyumbani bunduki pamoja na kopo la masasi lililofungwa, iliamua mwaka 2007 kwamba masasi hayo yarudishwe. Bunduki ilibaki, masasi yakarudi. Hata kati ya watu wanaoaminiana, walifikia kuona kwamba risasi inahitaji kupokewa mahali pake.

Turudi sasa Vuhovi, Butembo, Beni. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yamefundisha masikio yetu somo jingine. Mlio ukisikika saa mbili ya usiku, hakuna anayesema «huyo ni fulani». Mama anazima taa. Baba anahesabu watoto gizani kwa kugusa vichwa. Wanaouliza «ni nani?» wanaweza kutaja majina matano, na labda hakuna hata moja la kweli. Mlio hauna jina. Kisha, masasi ya bunduki hizo yanakwenda mbele ya sauti yake: sauti inakwenda karibu metre 340 kwa sekunde, risasi kubwa inatoka kwa mwendo unaokaribia mara tatu ya huo. Anayesikia mlio, risasi ile imekwisha kupita. Anachoogopa ni ile inayofuata, na hajui kama itafuata. Hofu hiyo haihitaji jeraha ili iwe maumivu ya kweli. Wanawake wamekimbia na watoto mgongoni, wakalala kwa mvua, kwa sababu ya milio ambayo asubuhi iliambiwa ilikuwa «ya furaha», askari fulani akisherehekea mwaka mpya ao mpira.

Mtu huyo hakuua. Shabaha yake ilikuwa mbingu. Lakini alichukua usingizi wa mtaa mzima, na usingizi si wake. Tena kitu kilichopanda kitashuka. Wazee wanasema neno likitoka kinywani halirudi. Risasi inarudi, ila inarudi kwa nyumba ya mwingine.

5. Maneno ya wale wasiokubali

Tumejadiliana maneno haya na wenzetu, na si wote wanakubali. Tutaje mabishano matatu yenye nguvu.

La kwanza: «Munarudilia maneno ya Bruxelles ya 1890. Mzungu alisema Mwafrika asiguse bunduki nzuri. Leo ninyi munasema mzungu acheze, Mwafrika asicheze.» Bisho hili linauma, na halijibiwi kwa haraka. Tunajibu hivi. Mkataba ule ulifanywa na watu wasiosikia milio, ili wawatawale wale watakaoisikia. Walikataza katushi kwa mkono mmoja na kuzigawa kwa Force Publique kwa mkono mwingine. Sisi hatusemi kwa ajili ya ngozi. Tunasema kwa ajili ya jirani. Mmarekani anayepiga 12.7 karibu na kambi ya wakimbizi wa vita angekuwa na hatia ileile. Na Mukongo anayelenga shabaha mahali ambapo watu wote wamekubali na wamejua, kilima kinapokea, sheria imeridhia, hana hatia hata kidogo. Anayetoa ruhusa ya kweli ni masikio ya wale wanaoishi pale, na juu yao sheria ya wote. Sheria hiyo ipo: ordonnance-loi ya tarehe 3 Septemba 1985 inapanga mambo ya silaha na masasi, na mkataba wa Kinshasa wa tarehe 30 Aprili 2010, unaofanya kazi tangu mwaka 2017, unahusu hata vipande vinavyoweza kutumiwa kutengeneza silaha. Mara hii ni Waafrika wa inchi za Afrika ya kati walioketi wenyewe.

La pili: «Mchezo unafundisha kujilinda. Vijana wetu, Mai-Mai wa zamani na Wazalendo wa leo, wangelenga vizuri kama wangecheza kwanza.» Hatutadharau uchungu ulio ndani ya maneno haya, mtu aliyezika ndugu ana haki ya kusema kwa nguvu. Lakini hapo hatuko tena kwa mchezo. Anayejizoeza kupiga mtu asijifiche nyuma ya karatasi ya shabaha. Aseme wazi anachotayarisha, na ajibu swali la vita, ambalo ni zito kuliko letu. Tena tukumbuke: hata dawa ya mayi ilikuwa na masharti. Mwaka 1905 Kinjikitile wa Ngarambe, upande wa kusini ya Tanganyika, aliwapa watu maji yaliyosemwa kwamba yatageuza masasi ya Wadachi kuwa maji. Hakuyageuza, na watu wengi sana walikufa mpaka 1907. Na Mai-Mai wa Kivu waliambiwa: usiibe, usiguse mwanamke, usile hiki na kile, la sivyo mayi hayatakulinda. Juu ya dawa yenyewe kila mtu afikiri anavyotaka. Lakini mpango ule ulikuwa na akili moja: hata mtu aliye katikati ya vita alijua kwamba nguvu juu ya risasi haitolewi bila masharti ya mwenendo. Walipoacha masharti, wakaanza kula mbuzi za wananchi, tuliona wenyewe kilichobaki.

La tatu ni la vijana wetu wa shule, nalo ni bisho zuri kuliko yote: «Kama kosa liko kwa mlio, mtu akitafuta mahali mbali, bila watu, kosa linaisha?» Tunajibu: karibu liishe. Kweli, akipata mahali ambapo hakuna sikio na hakuna paji la uso ndani ya kilometre 6 na zaidi, akiwa na ruhusa, hatuna la kumlaumu. Lakini tuambieni mahali hapo kwetu. Kila kilima kina shamba, kila bonde lina mama anayeosha muhogo, na pasipo na shamba pana parc yenye walinzi ambao wenzao wengi wamekufa kwa masasi. Inchi yetu ni ya watu wengi waliokaribiana. Anayetaka upweke wa kupigia 12.7 atatembea sana.

6. Tufanye nini na wema ule?

Tungekosa kama tungeishia kukataza. Vijana wanapenda kulenga, na kupenda huko si ubaya. Kulenga ni kunyamazisha mwili, kushika pumzi, kuchagua kitu kimoja na kuacha vingine vyote. Mtoto anayelenga shina la mgomba kwa mshale wa fimbo anajifunza hayo yote, na mlio wake ni «tup!» tu, kuku hawakimbii. Manati vilevile, ila tuwaambie waache ndege wa watu na vioo vya madirisha. Mashindano ya upinde kati ya vijiji, siku ya sikukuu ya mavuno, hayana gharama, na wazee wanaojua kupinda upinde wako bado. Wakienda hao, tutanunua ujuzi huo kwa pesa.

Na ule wema wa fundi, wa kupima mara mbili na kuandika kwa kayee, tuufundishe pale unapohitajika: kwa fundi wa umeme, kwa muuguzi anayepima dawa ya mtoto, kwa mpima kahawa kule soko, ambaye mizani yake inatoa hesabu kwa mkulima aliyechoka. Wote hao wanaweza kuua kwa kukosa uangalifu, na wote wanahitaji tabia ya mtu ambaye hatasema «sikujua». Tukimpata kijana mwenye mkono mtulivu na jicho linalopima, tusimwachie mwenye sanduku la masasi amchukue kwanza.

Juu ya wale wanaokaa na bunduki kwa ruhusa, askari, polisi, walinzi wa parc, ombi letu ni dogo na halihitaji pesa. Wakitaka kujizoeza kulenga, wamjulishe mkuu wa mtaa, naye apige kengele ao atume mtu: kesho, saa fulani mpaka saa fulani, upande fulani, msikimbie. Maneno kumi yanatosha. Maneno hayo kumi yanageuza kitu cha pori kuwa kitu kilichopokelewa. Na katika sikukuu, waache. Tuna ngoma. Ngoma ni mlio mkubwa pia, unafika mbali, nao tangu kale una jina: huu wa ndoa, huu wa kilio, huu wa kuita watu kwa mwami. Hakuna mama aliyelala porini kwa sababu ya ngoma ya harusi.

Basi tukiulizwa kwa kifupi: je, ni dhambi kujaza risasi kwa mkono na kuilenga karatasi kwa furaha? Tunasema: si dhambi kwa yenyewe. Kuna uvumilivu ndani yake, na kuna haki ya mtu kufurahia kazi ya mikono yake. Lakini furaha hiyo inadai kwanza amani, kama vile moto wa jikoni unavyodai nyumba isiyo na petroli iliyomwagika. Mahali ambapo mlio wa bunduki umepoteza jina lake, hakuna mtu mmoja anayeweza kulirudisha peke yake kwa kusema «mimi nilikuwa nacheza». Jina hilo linarudishwa na wote, polepole, mwaka kwa mwaka, mpaka siku moja mlio utasikika upande wa bonde, na watoto wetu, badala ya kuangalia mlango, watauliza tu kama fulani amepata nyama.